Kuchagua darubini ya jua ya kubeba: somo kwa walioko Dodoma

Jua Dodoma halina shida. Shida ni hewa inayochemka juu ya ardhi kavu, vumbi, na mwinuko wa mita 1,100 hivi. Anza na hayo kabla ya kuuliza bei.

Hatua ya 1: Unataka kuona nini? Kwa madoa ya jua, darubini yoyote ya lenzi ya mm 60–80 inatosha, ikifungwa mbele karatasi ya kichujio ya msongamano 5.0, yaani inayopitisha sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 100,000. Kwa ndimi za gesi pembezoni na nyuzi nyeusi usoni mwa jua, unahitaji darubini ya haidrojeni-alfa, inayopitisha mwanga mwekundu wa haidrojeni tu (nanomita 656.28). Vichujio vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho tupa: joto hukusanyika hapo na kioo hupasuka jicho likiwa papo hapo. Filamu ya eksirei usijaribu kabisa.

Hatua ya 2: Kipenyo. Chukua mm 50. Huonyesha vitu vya sekunde 3 hivi za tao (sekunde ya tao ni sehemu 1 ya 3,600 ya nyuzi moja), na hewa ya mchana mara nyingi hairuhusu zaidi. Ya mm 80 ni mzigo wa bure kwa anayesafiri na basi.

Hatua ya 3: Etaloni. Hapa ndipo wengi wanapoliwa hela. Etaloni ndiyo kichujio cha darubini ya haidrojeni-alfa kinachochagua wimbi hilo moja: ni vioo viwili sambamba vyenye pengo dogo, na nyingi za kubebeka pengo hilo lina hewa. Kuna zinazorekebishwa kwa kuinamisha, na kuinamisha husogeza wimbi upande mmoja tu, wa bluu. Sasa, kanieneo ya hewa Dodoma ni pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko ya Dar es Salaam, na upungufu huo nao husogeza wimbi upande uleule, kama angstromu 0.2 (angstromu 10 ni nanomita 1). Etaloni iliyopimwa karibu na usawa wa bahari inaweza kufika hapa imeshapitiliza, na skrubu haiirudishi. Dalili: ndimi za pembezoni unaziona, uso wa jua umebaki tambarare. Nunua inayorekebishwa kwa kanieneo, ile yenye pampu ndogo ya kuzungusha, na upana wa wimbi inaoupitisha usizidi angstromu 0.7.

Hatua ya 4: Kamera. Gawanya umbali wa fokasi kwa 107 upate kipenyo cha picha ya jua. Darubini ya fokasi ya mm 400 inatoa picha ya mm 3.7. Kihisi (chipu ya kamera inayopokea mwanga) cha IMX290 kina kimo cha mm 3.2, kwa hiyo kitakata jua. IMX178 kina mm 5, linaingia lote. Chukua ya nyeusi-nyeupe. Kwenye ya rangi, ni pikseli nyekundu tu zinazofanya kazi, robo ya kihisi.

Hatua ya 5: Stendi. AZ-GTi, stendi ya mota inayogeuka kulia-kushoto na juu-chini, hubeba kilo 5 na inatosha. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini, na stendi za aina hii huhangaika hapo. Piga picha saa 2 hadi saa 4 asubuhi.

Maswali ya wanachama

Mkuu, picha yangu ina mistari kama mawimbi ya bwawani. Kamera ni mbovu?
Hapana. Mwanga wa wimbi moja unagongana kati ya kihisi na kioo chake cha juu. Weka adapta ya kuinamisha nyuma ya darubini, uilaze nyuzi 1 au 2 hadi mistari ipotee.

Nipo Area C, nyumba zimebanana. Jua linatetemeka kila saa.
Unatazama juu ya mabati. Hamia penye nyasi au kando ya maji. Ukingo wa bwawa la Hombolo ni mzuri. Kisha rekodi video ya fremu 1,000, isizidi dakika moja, programu ya AutoStakkert ichague asilimia 10 zilizo bora.

Karatasi ya kichujio imejaa vumbi, niipanguse na kitambaa?
Usiipanguse, vumbi letu lina mchanga, litaichana. Puliza kwa pampu ya mpira. Kila kabla ya kuifunga, iinue mbele ya taa kali uikague: ukiona tundu hata la ncha ya sindano, kata nyingine.