Acha nafasi: jinsi ya kuendesha nduthi kwa trafiki ya Kisumu bila kugongwa

Hii naandikia kijana mmoja aliyejiunga na steji yetu wiki jana, leseni amepata juzi tu, na pia mwingine yeyote ameanza kushika nduthi, yaani pikipiki, hapa Kisumu ama Kakamega ama huko Nakuru. Jana jioni nilimwona akiingia Kondele amebeba mama na gunia ya omena, amekaribia matatu ya mbele mpaka ungedhani anasukumwa nayo, na moyo ukanishtuka kwa sababu hivyo ndivyo mimi mwenyewe nilianguka mwaka wangu wa kwanza.

Kitu kimoja nataka ushike hata ukisahau mengine yote: nafasi. Nduthi haina bodi. Magari mawili yakigusana ni rangi inatoka na taa inapasuka, sisi ni mfupa unavunjika. Kwa hivyo ile hewa tupu iko mbele yako na pande zako ndiyo bodi yako, na ukiipoteza hakuna ujuzi wa mkono utakuokoa.

Unajuaje nafasi inatosha? Chagua kitu kando ya barabara, nguzo ya stima ama kibanda cha M-Pesa, gari la mbele likikipita anza kuhesabu pole pole, mia moja na moja, mia moja na mbili. Ukifika hapo kabla hujamaliza uko karibu sana, rudi nyuma. Hiyo ni sekunde mbili, na kukinyesha fanya nne. Ukiwa na kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde, na mtu wa kawaida macho yaone, kichwa kielewe, mkono ufike breki, sekunde moja na nusu imeenda, yaani mita 25 umesafiri na breki haijaanza kushika hata kidogo. Wengi wataniambia ukiacha nafasi tuktuk inaingia. Ni kweli, itaingia. Achilia mafuta kidogo itengenezeke tena. Nimefanya hivyo miaka mingi kutoka Kibuye mpaka Mamboleo na sijawahi chelewesha kastoma zaidi ya dakika moja ama mbili.

Sasa matatu. Usipite kushoto kwa matatu iliyosimama, ama inayotaka kusimama. Mlango uko kushoto, watu wanashukia kushoto, na mtu akishuka haangalii nyuma, anaangalia mguu wake na mzigo wake. Mimi nilipita hapo kwa haraka, mlango ukafunguka, mwanafunzi akaruka chini, nikapinda kumkwepa nikaingia kwa mtaro na mkono huu wa kushoto ulikaa kwa plasta wiki sita. Yeye hakuumia, namshukuru Mungu hadi leo. Makosa yalikuwa yangu. Matatu inaongea kabla isimame, wewe sikiliza tu: kondakta anatoa kichwa, mkono unagonga bodi, abiria anainuka ndani unamwona kwa kioo cha nyuma, na kama kuna mtu kando ya barabara ameinua mkono basi jua hiyo gari itakatiza kushoto hata kama indiketa haijawaka. Mimi indiketa siitegemei sana, naangalia tairi ya mbele. Tairi haidanganyi, ikianza kupinda gari inafuata.

Hata kwa jankshen ni tairi. Ajali mbaya nyingi za nduthi na gari zinatokea pale dereva anakatiza mbele yako, anatoka barabara ndogo ama anapinda kulia akivuka njia yako. Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa ulitoka 1981, uliongozwa na Harry Hurt wa University of Southern California, wakachunguza ajali karibu 900 hapo hapo barabarani, wakapata kwamba nduthi ikigongana na gari, mara mbili kati ya tatu ni dereva wa gari aliingilia haki ya njia ya mwenye nduthi. Na mwenye nduthi mara nyingi alikuwa na chini ya sekunde mbili za kufanya kitu. Si ati dereva ni mbaya. Macho yake yanatafuta lori na basi, wewe ni mwembamba, unapotelea nyuma ya nguzo ya kioo chake. Halafu kuna hii, ukifuata lori karibu sana yule anayengoja kukatiza haoni kitu nyuma ya lori, anangoja lori lipite tu aingie, na wewe ndio hapo umetokea.

Kwa hivyo ukikaribia jankshen achilia mafuta mapema, vidole vikae juu ya breki ya mkono, na sogea kidogo upande ndani ya leni yako, kushoto ama kulia, ndio taa yako isogee pia, kwa sababu macho ya binadamu yanashika haraka kitu kinachosogea upande kuliko kitu kinachokuja moja kwa moja. Taa iwake hata mchana. Usiseme ameniangalia machoni kwa hivyo ameniona, mtu anaweza kukuangalia na akili haiko kwako. Honi piga, ila usipige honi badala ya kupunguza spidi.

Trela ni somo lake. Kanuni ya kwanza, kama huwezi kuona uso wa dereva kwa saidi mira yake, yeye pia hakuoni. Hakuoni ukiwa nyuma kabisa, hakuoni ukiwa kando ya mlango wa tanboi, yule msaidizi wake wa upande wa kushoto, hakuoni ukisimama karibu sana mbele ya pua. Ya pili, trela ikitaka kupinda kushoto huwa inavuta kulia kwanza, na hapo kushoto kunafunguka njia nzuri sana, unaona ni yako. Usiingie. Tairi za nyuma hazifuati za mbele, zinakata kona ndani, na ile nafasi inafungika na wewe uko ndani yake. Kama uko nyuma ya trela kwa raundabauti, kaa nyuma tu imalize.

Na wenzetu wa Nakuru wanajua zaidi, kwa sababu barabara kuu inateremka Sachangwan kwenda Salgaa na malori mazito yanachemsha breki pale. Kwa mteremko kama huo usikae mbele ya trela kama unaweza kuliacha lipite, na angalia kioo kila sekunde chache. Tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani Junction trela lilitoka barabarani likaingia kwa magari na wachuuzi na watu wa boda waliokuwa wakingoja wateja, zaidi ya watu 50 wakafa. Hawa wengine hata hawakuwa wakiendesha. Tangu siku hiyo sisi tulisogeza steji yetu ikatoka ukingo wa barabara ikaingia ndani, na nduthi zote zinaangalia mahali pa kutokea. Chagua mahali pa kungojea vile unachagua mahali pa kulala.

Breki nitaongea sana kwa sababu hapa ndio watu wamedanganywa. Tuliambiwa tukianza, usishike breki ya mkono itakurusha. Mtu anaendesha miaka mitano na breki ya mguu peke yake. Ukweli ni kwamba ukifunga breki uzito wote unakimbilia mbele, tairi ya nyuma inabaki nyepesi, kwa hivyo ile ya mguu inateleza tu na nduthi inacheza mkia na bado unaenda. Breki ya mbele, hiyo ya mkono, ndiyo inafanya kazi kubwa ya kusimamisha. Inakurusha ukiinyakua kwa ghafla, ama ukiishika umepinda, ama juu ya mchanga. Ikamue vile unakamua chungwa, kidogo kwanza ndio uzito ukae mbele, halafu nguvu, halafu nguvu zaidi, na ya mguu inasaidia pamoja. Nduthi iwe wima. Tairi ikianza kulia ama kuteleza achilia kidogo ushike tena. Kwa maramu na mchanga ule unamwagika kwa lami hapo barabara za ndani zinaingia, kuwa mpole zaidi, punguza kabla ya kufika.

Ukiwa na abiria ama jagi za maziwa nyuma itachukua mita nyingi zaidi kusimama, hesabu hiyo. Na kama nduthi yako ni ya breki za dramu na umepita maji mengi, shika breki kidogo kidogo ukiendelea mpaka zikauke, usingoje kujua hazishiki wakati mtoto amevuka.

Kuna wakati kusimama hakutoshi, lazima ukwepe. Hapo angalia ile nafasi unataka kupitia, usikodolee macho kitu unachoogopa, kwa sababu mikono inafuata macho na utakigonga tu. Nduthi ikiwa kwa mwendo haigeuki kama mkokoteni: kukwepa kulia sukuma mkono wa kulia wa usukani mbele kidogo, italala upande huo yenyewe. Na usikwepe huku umekamua breki. Moja kwanza, halafu nyingine.

Kwa jamu, ukipita katikati ya magari nenda polepole sana, kama mtu anayetembea haraka. Mlango unaweza kufunguka, mwuza njugu anaweza kutokea, na nduthi nyingine inaweza kukatiza.

Mvua ya Kisumu inapenda kuja jioni, wakati kila mtu anakimbia nyumbani. Zile dakika za kwanza ndizo mbaya zaidi, mafuta yaliyokauka kwa lami yanaelea na maji, barabara inakuwa sabuni. Mimi nasimama kwa petroli steshen dakika kumi. Mistari myeupe iliyopakwa rangi inateleza pia, usifunge breki juu yake.

Usiku, kwa barabara ya Mamboleo kwenda Miwani na Chemelil mpaka Muhoroni, kuna matrekta ya miwa. Trela limejaa, halina taa nyuma hata moja, linaenda mwendo wa punda, na miwa imeanguka barabarani. Nimeona waendeshaji wazuri wakifa hivyo na inaniuma sana. Endesha spidi ambayo unaweza kusimama ndani ya kile taa yako inamulika, na kama taa yako inamulika mita 30 basi hiyo ndiyo barabara yote uliyo nayo. Kioo cha helmeti kikiwa na mikwaruzo taa za wanaokuja zinatawanyika huoni kitu, badilisha.

Helmeti yenyewe, funga kamba ya kidevu. Ile ya kuning'inia inatoka kabla kichwa hakijafika chini. Shirika la Afya Duniani limesema helmeti nzuri ikivaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40 na ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Na abiria ni binadamu pia, yake iwe safi ndio asikatae kuvaa. Sheria inasema abiria mmoja, helmeti na riflekta kwa nyinyi wote wawili. Kabla uondoke mwambie mama, nishike hapa kiunoni, nikilala kwa kona usijivute upande mwingine. Akisema ongeza ongeza nimechelewa, mimi humwambia mama nitakufikisha, na naendelea na 50 yangu ndani ya tauni.

Kijana wetu, Jumapili saa moja asubuhi nitakuwa pale kiwanja cha shule kabla watu wa mpira hawajafika. Kuja na nduthi bila abiria, tairi ziwe na upepo wa kutosha na cheni isiwe imelegea. Tutapanga mawe mawili, tuanze na 20, halafu 30, tukikamua breki ya mkono mpaka uache kuiogopa.