Namna ya Kusoma Habari za Nanoteknolojia Bila Kuuziwa Mbuzi kwenye Gunia

Nafundisha kemia, na wanafunzi hawaishi kunitumia habari zenye neno "nano": rangi ya ukuta inayojisafisha, betri inayojaa kufumba na kufumbua, dawa inayoiwinda saratani yenyewe. Nyingine ni utafiti wa kweli, nyingine ni tangazo la krimu lililovaa koti jeupe. Mimi huzichambua kwa maswali machache, na utaratibu wake una maana.

Kwanza, tafuta namba. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Kwa kawaida kitu huitwa nano kikiwa na angalau upande mmoja kati ya nanomita 1 na 100. Habari isiyotaja ukubwa wowote isikupotezee muda. Ikitaja, angalia namba hiyo inapima nini hasa. IBM ilipotangaza chipu ya "nanomita 2" mwaka 2021, wengi walidhani hicho ndicho kipimo cha transista, zile swichi ndogo za umeme ndani ya chipu. Sivyo. Ni jina la kizazi cha teknolojia, na transista zenyewe ni kubwa kuliko hapo. Kazi ilikuwa nzuri, ila jina lina biashara ndani yake.

Swali linalofuata ndilo ninalolipenda: udogo huo umebadilisha nini? Kusaga kitu kikawa kidogo si ugunduzi. Ugunduzi ni pale tabia inapogeuka. Chukua kipimo cha ujauzito cha kununua dukani. Ule mstari mwekundu, katika vipimo vingi, ni dhahabu. Chembe za dhahabu zenye makumi ya nanomita hukaa zimekaushwa kwenye kipande cha utando, zikiwa zimevikwa kingamwili. Mkojo ukipita unazibeba. Homoni ikiwepo, zinanasa mahali pamoja na kurundikana mpaka jicho lione. Ni nyekundu kwa sababu katika ukubwa huo elektroni za dhahabu hutikisika pamoja na mwanga na kufyonza ule wa kijani. Pete ya dhahabu haifanyi hivyo. Nukta za kwanta, yaani fuwele ndogo mno za nusupitishi, nazo zina maajabu yake: kemikali ni ileile, lakini chembe ndogo hutoa mwanga wa buluu na kubwa zaidi hutoa mwekundu. Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi walipata Nobeli ya Kemia mwaka 2023 kwa kazi hiyo, ambayo leo imo ndani ya baadhi ya televisheni. Kwa hiyo mwandishi akishindwa kukueleza kwa nini chembe kubwa isingefanya kazi ileile, shaka iwe halali yako.

Kisha uliza: imejaribiwa wapi? Kwenye sahani ya maabara, kwa panya, au kwa watu? Hapa dawa za saratani ndizo zinazotuponza. Ahadi ni kwamba chembe zitaenda moja kwa moja kwenye uvimbe. Mwaka 2016 Warren Chan na wenzake wa Toronto walikusanya matokeo ya miaka kumi na kukuta kwamba, kwa thamani ya kati (median) ya tafiti hizo, asilimia 0.7 tu ya dozi ya chembe ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Nyingi huishia kwenye ini na wengu. Sasa tazama waliokubaliana na mwili badala ya kushindana nao: patisirani, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, husafirishwa ndani ya chembe za lipidi (mafuta) hadi kwenye ini, na ini ndiko ilikotakiwa. Teknolojia ya jamii hiyohiyo ndiyo iliyobeba mRNA, yaani maelekezo ya kutengeneza protini, ya chanjo za UVIKO-19. Basi ukisoma "inalenga saratani", tafuta sentensi inayosema dozi iliyobaki ilikwenda wapi. Mara nyingi haipo.

Uzalishaji usiusahau. Grafini, shuka la kaboni lenye unene wa atomu moja, ilitenganishwa kwa utepe wa gundi (selotepu) huko Manchester mwaka 2004, ikaleta Nobeli mwaka 2010, na hadi leo kutengeneza shuka kubwa lisilo na kasoro ni kazi ngumu. Nobeli ya Kemia ya 2025 ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa fuwele zenye vishimo vya ukubwa wa molekuli. Gramu chache tu zina eneo la ndani kama uwanja wa mpira, na zimeweza kuvuna maji kutoka hewa ya jangwani. Nina imani nazo kuliko grafini, maana kazi ya fuwele hizi ni kunasa gesi, na kwa hilo haidai shuka zima.

Usalama: uliza kama chembe zimefungwa ndani ya kitu au zinapeperuka. Kwa mfano, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku titani dayoksidi, rangi nyeupe ambayo baadhi ya chembe zake ni za nano, kwenye chakula mwaka 2022.

Ukiweza kufungua makala yenyewe ya utafiti, ruka maneno uende kwenye picha ya hadubini ya elektroni. Pembeni pawe na mstari mfupi wa kipimo, na karibu pawe na grafu ya mtawanyiko wa ukubwa. Grafu ikiwa nyembamba, waliijua chembe yao. Ikiwa pana kama mkeka, wana mchanganyiko, na dai lolote linalotegemea ukubwa mmoja linayumba. Picha isiyo na mstari huo mimi huifunga nikasoma nyingine.