Ukipeleka familia Kashi, anza na magoti ya nyanya

Wengi wetu huku Ngara na Parklands tukiamua kwenda kuhiji Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu kule India (ndiyo Varanasi, ndiyo Banaras, mji ni ule ule), tunakimbilia bei ya tikiti kwanza, na mimi nilifanya hivyo hivyo, nikalazimika kupanga upya mara mbili. Anza na mzee wa nyumba. Sisi tulikuwa tisa, na Ba, yaani nyanya yetu, ana miaka 78 na magoti yanayolia kama mlango wa matatu nzee. Ukishajua yeye ataweza nini, tarehe na hoteli na hata saa ya kuamka vinajipanga.

Tarehe sasa. Novemba mpaka Februari ndio poa. Mei na Juni joto linapita digrii 40, halafu Julai hadi Septemba mvua inajaza Ganga, ule mto mtakatifu, maji yanameza ghat, yaani zile ngazi za kushukia mtoni, na mashua zinasimamishwa, sasa umetoa nyanya Nairobi akaangalie mto kwa dirisha? Mwisho wa Desemba na Januari kuna ukungu mzito, ndege na treni zinachelewa masaa, kwa hivyo usiwahi kuunganisha ndege ya kurudi Nairobi siku ile ile unatoka Varanasi, lala usiku mmoja Mumbai au Delhi. Dev Deepawali, ule usiku wa mwezi mpevu wa Kartik (mwezi wa Kihindu, kama Oktoba-Novemba) taa za udongo zikijaa ghat zote, ni maajabu, lakini kusukumana kwake si kwa mtu wa magoti.

Makaratasi ndiyo yanaangusha watu. Kenya iko kwa orodha ya nchi zenye homa ya manjano na India hawana mchezo, bila ile kadi ya njano ya chanjo unaweza kuwekwa karantini mpaka siku sita. Na kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Kaka yangu alidungwa siku nane kabla, akabaki JKIA akitupungia mkono, akatufuata baadaye na tikiti aliyolipa mwenyewe huku akinung'unika. Kama ulidungwa zamani sawa, ni ya maisha, tafuta tu kadi iko wapi. Lakini mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kudungwa lazima aone daktari kwanza, umri huo sindano hiyo ina hatari zaidi, kwa hivyo hili limalizeni kabla hamjalipa hata shilingi moja.

Viza ni ya mtandaoni, indianvisaonline.gov.in, andika hiyo anwani kwa mkono wako, usiitafute tu na kubonyeza ya kwanza, kuna tovuti za kufanana nayo zinazokula pesa za watu.

Kutoka Nairobi mpaka Mumbai ndege ya moja kwa moja ni kama masaa sita, halafu unapanda ya ndani mpaka Varanasi. Angalia mizigo! Ndege nyingi za ndani zinakubali kilo 15 tu, na mashangazi wakishapita madukani Mumbai hizo kilo zimeisha. Omba kiti cha magurudumu wakati unabuku, si ukifika kaunta. Eyapoti ya Varanasi iko Babatpur, kama kilomita 25 nje ya mji.

Hoteli ikikwambia iko karibu na ghat, uliza gari linaishia wapi na kutoka hapo ni ngazi ngapi. Vichochoro vya mji mkongwe ni vyembamba, ng'ombe mmoja akisimama mmefungiwa. Sisi tulilala upande wa Assi, ghat ya kusini mwa mji, gari linafika karibu, na sikujuta.

Aarti ya jioni, ile ibada ya taa, pale ghat ya Dashashwamedh msishindanie nafasi kwa ngazi, kodisheni mashua kutoka Assi, mpatane bei ya mashua yote na muda wake kabla mtu hajaweka mguu ndani. Ba alikaa na shali yake, kibakuli cha majani mkononi chenye maua na kimshumaa, makuhani wakizungusha taa kubwa mbele yetu, na kwa mara ya kwanza safari nzima hakutaja magoti.

Hekalu la Kashi Vishwanath simu haziingii, wala begi wala saa za kisasa, acheni hotelini, ila pasipoti beba. Mkitaka aarti ya Mangala, ile ya saa tisa usiku, bukuni mapema mtandaoni. Panda, yaani kuhani wa pale, akiwasogelea kuwaombea, dakshina (sadaka yake) ni kiasi gani muelewane kabla hajaanza, si baada. Na ghat ya Manikarnika, pale wanapochoma maiti, usitoe simu kupiga picha, yule wa kuchomwa ni mtu wa watu. Atakayekufuata akiomba pesa ya kuni za maskini mpite tu.

Kama mnabeba majivu ya mtu, sisi tulikuwa na ya Babu aliyechomwa Kariokor, Nairobi, beba cheti cha kifo na cha kuchomwa, na chombo kiwe cha mbao au plastiki, chuma mashine ya ukaguzi haioni ndani.

Maji ya Ganga ya kurudi nayo yanaingia kwa begi linaloenda chini ya ndege, lifungwe nailoni mara tatu. Yetu ilikuwa mara moja. Ilimwagikia sari mpya ya mama, akataka kulia, Ba akamwambia sasa hiyo haifuliwi tena, na mpaka leo haijafuliwa.