Mbuzi asikuishie kiangazi: shika mgongo, usiangalie tumbo

Wafugaji wenzangu wa huku Mwanza, mwezi wa 6 ukiingia nyasi zinakauka kuanzia Magu mpaka Misungwi, mbuzi anarudi jioni tumbo limejaa ndii na we unalala umeridhika, kumbe kajaza makapi tu, afu mwezi wa 8 ndo unashtuka mifupa iko nje. Mi nafanya hivi.

Hatua ya 1, mkono. Mbuzi asimame, weka kiganja kiunoni nyuma ya ubavu wa mwisho, bonyeza kwa vidole. Alama za unene zinaanzia 1 mpaka 5. Mifupa ikichongoka kama msumeno na pembeni hakuna nyama hiyo ni 1, ukiisikia ila ina mviringo na nyama imejaa pembeni ni 3, usipoisikia kabisa ni 5. Papasa na kidari pia. Mi nashika kila wiki mbili naandika kwenye daftari, manyoya yanadanganya sana. Anayeanza kushuka chini ya 3 namtenga siku hiyo hiyo, maana kumnenepesha aliyekwisha konda katikati ya kiangazi ni hela nyingi mno.

Hatua ya 2, malisho. Mbuzi sio ng'ombe, anapenda vichaka na majani ya miti. Wazee wetu wa Kisukuma wana ngitili, eneo linafungwa mvua zikianza linafunguliwa kiangazi, na hata kama una robo ekari tu we ifunge. Ongezea matawi ya lusina, ule mti wa malisho, na maganda ya migunga yakidondoka okoteni muweke kwenye viroba.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri. Yale majani mabichi ya ufukweni, kama kule Kayenze, yanatamanisha kweli wakati kwingine kote kumekauka, ila penye matope pana konokono, na minyoo ya ini inapitia kwa konokono hao afu inaganda kwenye majani. Mbuzi atakonda huku anakula, unaongeza pumba weee hamna kitu. Peleka sehemu kavu, na ukiona chini ya taya pamevimba muite mtaalamu wa mifugo usisubiri.

Hatua ya 3, nyongeza. Tuko kwenye nchi ya pamba, mashudu yapo, yale makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta. Changanya pumba za mahindi na shudu kidogo, gramu 200 mpaka 300 kwa mbuzi kwa siku, lakini anza na kiganja kimoja upandishe taratibu kwa wiki mbili, ukimwaga ghafla tumbo linachacha na anaweza kufa. Vitoto vinavyonyonya visiguse shudu la pamba, lina sumu kwao. Maji safi na jiwe la chumvi viwepo muda wote.

Hatua ya 4, beberu. Mimba ni miezi 5, kwahiyo anayepandwa mwezi wa 6 anazaa wa 11 majani yameshachipua. Wiki mbili tatu kabla ya kupandisha muongezee jike chakula, na aliye na alama 2 kushuka chini usimpandishe, mtenge na beberu mpaka mgongo urudi.