Keria ya Gari la Porini: Anza na Mzigo, Picha Baadaye

Wateja wangu wengi hapa Mtwara huja na picha kwenye simu. Land Cruiser inang'aa, keria nyeusi juu ya paa, taa nane mbele, hema juu, ngazi nyuma. "Fundi, nataka kama hii hii." Namuuliza itabeba nini na itapita wapi. Kimya.

Kwa hiyo simu irudi mfukoni kwanza. Chukua karatasi.

Hatua ya 1: Pima mzigo kwa kilo

Andika kila kitakachopanda juu. Tairi la akiba la mkonga, yaani Land Cruiser ya hardtop, pamoja na rimu yake linafika kilo 30 na ushee. Jerikani ya chuma ya lita 20 ikijaa dizeli inakaribia kilo 21. Maji lita 20 ni kilo 20 kabla hujahesabu dumu. Gunia la korosho usiliandike kabisa, hilo mahali pake ni ndani ya gari au kwenye lori.

Halafu fungua kitabu cha gari, utafute uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likiwa linatembea. Namba hiyo inahesabu na keria yenyewe, jambo ambalo wengi wanalisahau. Tuseme kitabu kimeandika kilo 100. Kwenye lami ya kwenda Masasi ni sawa, lakini ukishika njia ya vumbi ya Liwale au ukipanda Rondo, gari linarukaruka na mzigo unaligonga paa kwa nguvu kuliko uzito wake ulivyo kwenye mizani. Mimi hukata theluthi nzima. Zinabaki kama kilo 67. Toa keria ya chuma ya kilo 35, umebakiwa na 32. Hapo umepandisha tairi moja tu na nafasi imekwisha.

Mteja mmoja nilimpigia hesabu hiyo kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Akaitazama weee, akasema, "Kumbe fundi, abiria mzito kuliko wote ni keria yako." Ndiyo hivyo.

Hatua ya 2: Tazama itasimama juu ya nini

Mkonga na Land Rover Defender za zamani zina gata, ule mfereji wa maji ya mvua unaopita pembeni mwa paa. Gata ndiyo mfupa, bati la paa ni ngozi tu. Miguu yote ya keria ishike gata. Mimi naikata kwa flati ba (chuma bapa) ya milimita 40 kwa 5, naikunja iingie chini ya mdomo wa gata, naweka kipande cha mpira katikati, ndipo naibana kwa boliti. Mguu uwe mpana ili uzito usambae. Kwa paa refu la mkonga, miguu minne kila upande ni bora kuliko mitatu.

Gari lisilo na gata, kama Prado, lina sehemu zake za kufungia zilizotoka kiwandani. Tumia hizo hizo. Fundi akikwambia anatoboa paa na kuziba kwa silikoni, mshukuru, uondoke. Maji yatapita tu, na kutu itaanzia ndani usikoiona.

Hatua ya 3: Chagua umbo

Kuna keria ya kapu, yenye uzio pande zote, na kuna ya bapa kama meza. Kapu linashika mizigo midogo isiyo na umbo: mabegi, turubai, ming'oko (viazi vya porini) uliyonunua njiani. Bapa inabeba vitu virefu na hema, ni nyepesi, na upepo hauisumbui sana.

Kwa huku kusini kuna jambo ambalo picha za simu haziwezi kukuonyesha, nalo ni mikorosho. Matawi yake yanainama mpaka chini, na njia za mashambani Newala na Tandahimba zinapita katikati yake. Nilipokuwa mgeni kazini nilitengeneza kapu la uzio wa sentimita 20, kona za mbele zimesimama wima, zinapendeza kweli. Likaenda Tandahimba. Lilirudi na gata imefunguka karibu nusu mita, imebinuka kama mfuniko wa kopo la samaki. Tawi liliingia chini ya kona, dereva akakanyaga mafuta akidhani ni mchanga. Gata ile niliinyoosha kwa gharama yangu.

Tangu hapo paipu ya mbele nailaza: inaanzia chini karibu na kioo na kupanda taratibu kuelekea nyuma, ili tawi liteleze juu. Uzio naupunguza hadi sentimita 10, na mara nyingi nauweka theluthi ya nyuma peke yake. Taa nazo ziingie ndani ya mstari wa paipu, zisichomoze.

Hatua ya 4: Chora sakafuni

Pima paa, lichore kwa chaki sakafuni kwa vipimo vyake halisi, kisha panga juu yake tairi lenyewe, madumu yenyewe na koleo. Kizito kikae katikati, kati ya ekseli mbili, kisirundikwe nyuma. Nusu ya wateja hubadili mawazo kwenye hatua hii, na mimi sijakata hata kipande kimoja cha chuma.

Hatua ya 5: Chuma gani

Paipu ya mduara ya milimita 25, unene 1.5, ina uzito wa karibu gramu 870 kwa mita. Ya mraba ya kipimo hicho hicho inapita kilo moja na gramu 100. Kwa mita 30 za keria hiyo ni tofauti ya kilo saba hivi. Mraba ni rahisi kukata na kuunga. Mduara ni mwepesi na haukwami kwenye matawi. Mimi hufanya fremu ya nje kwa mduara, na za kulaza ndani kwa flati ba.

Aluminiamu ni theluthi ya uzito wa chuma, ila inataka mashine yake na mkono uliozoea. Ikigusana na chuma kwenye hewa ya chumvi kama yetu, italiwa, kwa hiyo weka mpira kati yake na mguu wa chuma.

Ukichagua paipu yenye zinki, saga zinki yote pale unapochomelea na ufanyie kazi nje. Moshi wake unaleta homa usiku huo huo. Yale maziwa tunayokunywa mafundi hayazuii kitu. Baada ya kuchomelea, paka redi oksaidi (rangi ya chini ya kuzuia kutu) mara mbili, kisha rangi. Ncha za paipu zizibwe kabisa, au toboa tundu la milimita 6 upande wa chini maji yatoke. Anayeshuka na gari mchangani Msimbati aoshe keria kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Funga, tembea, kaza

Tumia nati zenye mpira ndani. Ukishakaza, chora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka nati na kuingia kwenye mguu. Funga mzigo kwa mikanda ya racheti. Kamba ya manila inalegea. Pima urefu mpya wa gari kwenda juu na uubandike kwenye dashibodi.

Safari ya kwanza, ukifika Mnazi Mmoja kabla hujakata kona ya Masasi, simama ununue maji, panda kwenye bampa utazame ile mistari. Iliyokatika, hiyo nati imezunguka. Spana ya 13 iwe mfukoni mwa mlango, isiwe chini ya mizigo.