RAV4 yenye injini ya 2AZ inachukua oili lita ngapi?

Oili ni ya injini, si ya bodi. Ndiyo maana ukiniuliza "SUV inaingia lita ngapi" nitakuuliza kwanza ni injini gani. Forester ya EJ20 huchukua kama lita 4, Prado ya dizeli yenye 1KD hukaribia 7, na Land Cruiser ya 1HZ huvuka 9. Hapa nachukua RAV4 ya kizazi cha tatu yenye 2AZ-FE: lita 4.3 ukibadili na filta, 4.1 usipoigusa filta. Angalizo: 2AZ za awali, kama ya Camry ya 2002, huingia 3.8 tu. Fundi anayekariri jina la injini pekee anaweza kukuzidishia nusu lita.

Hatua ya 1. Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, kisha izime. Ukiinua gari, weka stendi. Usiingie chini kwa kutegemea jeki.

Hatua ya 2. Fungua mfuniko wa juu wa kujazia oili, tega beseni, legeza nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa spana namba 14. Iache itiririke mpaka yabaki matone. Rudishia nati kwa wosha mpya.

Hatua ya 3. Toa filta na uhakikishe mpira wake wa zamani haukubaki umenata kwenye bloku. Paka mpira mpya oili kidogo, kaza kwa mkono. Spana ya filta ni ya kufungulia.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi huharibu. Dukani utapata kopo la lita 4 na la lita 1, na kishawishi ni kumimina yote. Usifanye hivyo. Shusha gari pahali tambarare, mimina 3.5, subiri, pima kwa dipstiki (kijiti cha kupimia oili). Ongeza mpaka ikaribie alama ya juu. Washa injini dakika moja ili filta ijae, zima, ngoja dakika tano, futa dipstiki na upime upya. Itakuwa imeshuka kidogo. Sasa malizia taratibu. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna karibu lita moja, kwa hiyo pengo dogo halihitaji kopo zima.

Ikipita alama ya juu, legeza nati ya sampu upunguze, hata kama inaudhi. Oili ikizidi, kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) huipiga ikawa povu, na povu halilainishi vyuma ipasavyo.

Oili iliyobaki kwenye kopo la lita 1 iweke kwenye buti. Baadhi ya 2AZ za miaka ya 2006 hadi 2009 zinajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni, hivyo pima kila unapojaza mafuta. Ikifika alama ya chini, ongeza. Usingoje taa nyekundu ya oili, kwani hiyo huwaka presha ikiwa imeshaanguka.