Taa za trela zikizima, anza na athi

Hapa Malindi trela za boti huingizwa majini hadi magurudumu yafunikwe, kisha huvutwa nje na kuachwa zikauke na chumvi yake. Ndiyo maana taa zinapozima ghafla, lawama huwa ya waya na viungio mara nyingi kuliko ya balbu, na anayekimbilia dukani kununua balbu hurudi na balbu nzima isiyowaka.

Tambua kwanza kama hitilafu iko kwenye gari au kwenye trela. Chomoa plagi, ubane klipu ya testa (taa ndogo ya kupimia umeme) kwenye chuma kisicho na rangi wala kutu cha chasisi ya gari, kisha uguse soketi tundu kwa tundu huku mwenzako akiwasha taa, akipiga indiketa na kukanyaga breki. Katika soketi ya duara ya pini 7 ya volti 12, tundu la 1 ni indiketa ya kushoto, la 4 ya kulia, la 6 breki, la 5 na la 7 taa ndogo za kulia na kushoto, na la 3 ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Fuata namba, usitegemee rangi za waya, kwa sababu trela iliyokwisha kupita kwa mafundi watatu huwa na rangi zake yenyewe. Umeme usipofika, kagua fyuzi za gari. Iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya ampia zilezile, kwani fyuzi kubwa zaidi huuacha waya uungue badala yake.

Umeme ukifika kwenye soketi, hamia kwenye trela, na hapo ndipo athi inapostahili muda wako. Ishara yake haifichiki: ukipiga indiketa ya kushoto, taa ndogo nazo hupepesa, au ukikanyaga breki taa zote hufifia, kwa kuwa umeme uliokosa njia ya kurudi kwenye betri hujipenyeza kupitia balbu nyingine. Chukua waya mrefu, ufunge ncha moja kwenye hasi ya betri ya gari na uguse kwa nyingine chuma cha kishikio cha balbu. Taa ikiwaka vizuri, umepata jibu. Fungua skrubu inayoshika waya wa athi kwenye fremu, usugue kwa msasa hadi chuma king'ae, uikaze tena na kuipaka grisi.

Multimita, ile mita ya kupimia volti, inaweza kukudanganya hapa. Niliwahi kuchuna waya uliosoma volti 12 bila shida, nikakuta ndani shaba imegeuka unga wa kijani, umebaki uzi mmoja tu. Uzi huo unatosha kuisomesha mita, lakini balbu ya breki ya wati 21 inahitaji karibu ampia 2. Kwa hiyo pima taa ikiwa imewashwa. Waya wa namna hiyo ukate hadi ufikie shaba nyekundu, uunge upya kwa kulehemu kwa risasi, na uufunike vizuri maji yasiingie.

Kila unaposhusha boti, chomoa plagi mapema na usubiri balbu zipoe kabla hazijagusa maji, kisha osha trela kwa maji baridi ya bomba. Kabla ya kushika barabara ya Mombasa, mtu asimame nyuma na kukutajia kila taa inayowaka.